Mafuta ya Nazi Ndani ya Shokapu

Kisarawe,
22 Julai 1951

Mpendwa kaka yangu Mwinjuma,

Shikamoo. Je, kifua chako kimepoa? Na shemeji Zubeda, bado anakuchemshia tangawizi au amechoka nawe? Sisi huku tu wazima wa kula, ila mioyo ndiyo haina afya, na aliyeitia maradhi ni mimi nduguyo.

Barua ya wakwe itakufikia, maana wewe ndiye uliyemwozesha dada yetu Mwanamvua. Isome hii kwanza.

Shemeji Isihaka, dresa wetu wa zahanati, ameanguka na pikipiki kwenye mteremko wa kwenda Kibuta akipeleka dawa. Goti limevunjika. Mama yake, Bi Biubwa, akasema mkosi ni wa Mwanamvua: alifagia mlangoni mumewe hata hajafika mbali. Akamrudisha kwetu na kisanduku chake. Na kwa kuwa ni kweli alifagia, Mwanamvua naye akaamini. Akawa hali chakula, wala hashiki ufagio.

Kaka, ufagio hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi Kondo, fundi wa jeshi la Burma, mwenye darasa la nne na mdomo wa darasa la kumi.

Unaijua pikipiki ile, mabaki ya vita. Shokapu za mbele, zile bomba mbili zinazoshika gurudumu, zilikuwa zinavuja na kugonga. Nikamwambia Isihaka, "Shemeji, niachie. Mimi nimefungua pikipiki za majenerali." (Jenerali mwenyewe nilimwona mgongo tu.) Nikazifungua vizuri, nakuapia. Springi nikaziosha kwa mafuta ya taa, sili za kuzuia mafuta yasivuje nikakata mpya za ngozi. Yakabaki mafuta ya mashine ya kujaza ndani, na dukani nikaambiwa nisubiri lori la Jumamosi. Mimi nisubiri, na watu wamekaa wananitazama! Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi ya Mwanamvua.

"Kaka, hayo si ya nywele?" akauliza Mwanamvua.

Nikamjibu mafuta ni mafuta, wanawake hawajui mashine.

Mchana ule wa jua, pikipiki ilinesa kama kitanda cha springi cha Bwana Shauri, mzungu wa wilaya. Nikapigiwa makofi. Wiki ile ile baridi ya kipupwe ikaingia, Isihaka akaondoka alfajiri. Mafuta yakaganda. Shokapu zikawa ngumu kama mchi, na shimo la kwanza mteremkoni likamrusha. Pikipiki ilipoletwa nilizifungua peke yangu, nikakuta mafuta ndani meupe kama samli.

Siku nne nilinyamaza, nikamwacha dada alie. Hilo linaniuma kuliko goti.

Jana asubuhi nikaenda kwa Bi Biubwa na chupa ile ile, mafuta yaliyobaki yameganda ndani, nikaipindua mbele yake. Hata tone halikuanguka. Nikamweleza yote. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Kondo, hukumwona mama yako akianika chupa juani kabla ya kujipaka?"

"Nilimwona, mama."

"Na huko Burma hapakuwa na mwanamke wa kumuuliza?"

Nikaenda kuianika ile chupa juani, kaka.

Akaja mwenyewe kumchukua mkwewe, kisanduku akakibeba yeye kichwani. Mimi nikapewa kazi yangu: dawa za Kibuta nizipeleke kwa miguu mpaka Isihaka apone. Sasa pikipiki ni mimi, na shokapu zangu zinalia.

Lakini Isihaka hajanisemesha. Anasali ameketi, mguu kaunyoosha. Mimi nasali nyuma yake, na macho yangu hayatoki kwenye goti lile. Hakuna ajuaye kama litakunjika tena. Mwandikie wewe, neno lako analisikia. Usinitetee. Mwombe tu, siku atakapoanza kutembea, akubali kuegemea bega langu.

Nisalimie shemeji, na mwanao Salumu, na mzee Mashaka jirani yenu. Mwanamvua anakuamkia, leo amekula. Mungu akulinde na barabara mbovu na mafundi wa aina yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kondo