Nilichomfanyia Mtoto wa Tiominar

Jumanne, 9 Oktoba

Bado sijavua aproni. Naandika ili nitulie.

Tiominar, mke wa Binsar wa nyumba ya juu, amejifungua leo mchana hapa zahanati. Mvua ya mawe. Gari la wagonjwa kutoka mjini Balige limekwama nyuma ya lori la mbao, dereva kwenye simu ni "nakuja, nakuja" tu. Mtoto katoka wa bluu, kalegea kama tambara la kudekia. Halii. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikaanza kumpulizia hewa kwa mfuko wa mpira wenye barakoa. Kimya.

Tiominar akapiga kelele: "Mbatize! Wifi, mbatize!"

Wifi! Mumewe ni wa ukoo wa Marpaung, na mimi ni binti wa Marpaung, basi nusu ya kijiji ni mawifi zangu.

Nikamwambia mimi ni Mbaptisti, sibatizi watoto wachanga. Akasema, "Kwani Mbaptisti si maana yake mbatizaji?" Jamani! Mtu katoka kuzaa sasa hivi na bado ana mdomo!

Mama mkwe wake, Mama Binsar, alikuwa amekimbilia mvuani kumtafuta mzee wa kanisa lao la Kilutheri. Mchungaji wao yuko mkutanoni Tarutung. Hapakuwa na mtu. Nikavuta jagi la maji, nikammwagia kidogo kichwani, nikasema maneno. Sabam, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sabam ni jina walilokuwa wameshamchagulia. Mkono mwingine bado unabonyeza mfuko. Nilifanya ili kumtuliza mama, basi. Kama unavyomwambia mgonjwa "utapona".

Mara akakohoa. Akalia! Nilipomgeukia Tiominar, huyo kazimia, damu inatoka. Sindano, dripu, kukanda tumbo. Gari likafika wakati shughuli imekwisha. Wote wazima. Mungu asifiwe.

Ila Mama Binsar alikuwa mlangoni, kalowa chapachapa, na kila neno alilisikia.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Sokoni leo ni habari ya maji tu. Maji yamemfufua mtoto! Maji ya Mama Mkunga! Nilibonyeza ule mfuko mpaka kidole gumba kikaota lengelenge — nani anautaja mfuko? Hakuna! Nimesomea kazi hii, nimekesha, nimezalisha kijiji kizima hiki, halafu sifa zote zinakwenda kwa jagi!

Muuza samaki, yule mwenye jino la dhahabu, ananiita mbele za watu: "Mama Mkunga, kumbe mmekubali! Tone moja linatosha, hakuna haja ya kuzamisha mtu ziwani!"

Nikamjibu kwamba wao wananyunyizia watu kama wanamwagilia mchicha.

"Na ninyi mnawaloweka kama nguo za wiki," akasema.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ndilo linaloniudhi zaidi. Nimerudi nyumbani bila samaki.

Jumapili, 14 Oktoba

Kanisani kwetu Balige. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Bila shaka!

Baada ya ibada Mchungaji Pandapotan akaniita chumba cha nyuma, pale tunapobadilishia nguo wakati wa ubatizo. Hakuketi. "Dada Rondang, ni kweli umebatiza kichanga?"

Nikamweleza. Mvua, gari, mtoto wa bluu, mama anapiga kelele. Nilimtuliza mama.

"Kwa hiyo lilikuwa neno la faraja tu. Si ubatizo."

"Si ubatizo," nikasema.

"Sawa." Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Mpaka mambo yatakapokaa sawa, nisifundishe watoto wa shule ya Jumapili. Watu wanauliza, anasema. Watu gani? Mama Ruslan anayesinzia kila mahubiri?

Mimi! Binti wa mtu aliyeacha kanisa la Kilutheri, akazamishwa ziwani akiwa na mvi kichwani, ukoo ukamfungia milango, karamu zote akawa anakaa mwisho wa mkeka kama mgeni. Alipokufa, kanisa lao halikumgongea hata kengele. Baba aliyameza yote hayo kwa ajili ya ubatizo wa kweli. Leo naambiwa mimi ndiye ninayecheza na ubatizo!

Kaka Jonggi, shemasi, ndiye atakayefundisha watoto wangu. Hata majina yao hayajui.

Jumatano, 24 Oktoba

Leo ndiyo wamenimaliza.

Amekuja mchungaji wao Mlutheri hapa zahanati. Lamria Hutagalung. Mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, buti za mpira zimejaa tope. Nikamkaribisha kahawa, adabu ni adabu.

Anasema kwao mtu yeyote Mkristo anaweza kubatiza wakati wa hatari. Lakini mtoto akipona, lazima aletwe mbele ya ushirika, na aliyembatiza aulizwe maswali matatu: nani alibatiza, kwa kitu gani, kwa maneno gani. Majibu yakiwa sawa, yamekwisha, mtoto amebatizwa. Jumapili hii.

Nikamwambia mimi sikukusudia ubatizo. Nilimtuliza mama.

Akapuliza kahawa. "Dada, sikuulizi uliamini nini. Nakuuliza ulifanya nini."

Nikamwambia nisipokuja je? Akasema Mama Binsar alisikia, lakini alikuwa mlangoni na mvua ilikuwa inapiga bati. Pakiwa na shaka, itabidi yeye mchungaji ambatize. Na Tiominar amekataa katakata. Amesema mtoto wake alibatizwa siku ile, hatakubali aambiwe siku ile haikuwa kitu.

"Basi mbatizeni tena, mara mia mkitaka!"

Akacheka. "Hapo ndipo tunapoachana, dada. Sisi haturudii."

Nilitaka kumwambia hata sisi haturudii — ni ile yenu ya kwanza ndiyo isiyohesabika! Nikanyamaza kwa kuwa alikuwa anakunywa kahawa yangu.

Sikusema nakwenda. Sikusema siendi. Ameondoka ananishukuru, kana kwamba nimekubali!

Jumamosi, 27 Oktoba

Mchungaji Pandapotan kapiga simu. Amesikia tena. (Nani anampelekea? Nikimjua!) Nilidhani atanikataza. Hapana: "Nenda. Simama mbele yao, useme wazi kwamba haukuwa ubatizo. Utakuwa ushuhuda mkubwa." Na yeye atakuja kukaa nyuma, anisikilize.

Kwa hiyo mimi sasa ni mpira. Huyu ananipiga huku, yule ananirudisha.

Jioni Mama Binsar akaja na bakuli la samaki wa arsik, aliyepikwa na viungo na manjano, pilipili ya andaliman inachoma ulimi vizuri. "Kula, binti yangu, upate nguvu ya kesho. Wewe ndiye shangazi wa mtoto." Siwezi kula samaki wa watu ninaokwenda kuwaaibisha.

Nimekula. Kichwa nimekiacha.

Jumapili, 28 Oktoba

Nimetoka huko sasa hivi. Niandike haraka.

Kwanza ibada yao yenyewe! Wanasimama, wanakaa, wanasimama — mimi kila mara nimechelewa, nimebaki peke yangu wima kama mlingoti. Dhambi zao wanazisoma kitabuni! Wote kwa pamoja, sauti moja, ukurasa uleule! Hivi mwizi na mchonganishi wametenda dhambi moja? Sadaka mara tatu, vifuko vitatu. Mara ya tatu nikamwangalia mzee mwenye kifuko, naye akaniangalia, nikatoa. Matangazo marefu kuliko mahubiri. Fulani ataoa, fulani anaumwa, fulani ametoa bati za paa. Lamria kavaa joho jeusi na vile vitambaa viwili vyeupe shingoni, huwezi kuamini ndiye yule wa buti za tope.

Wimbo ulikuwa mzuri, sauti zote nne. Hilo nalo limeniudhi.

Kabla ya zamu yetu akabatiza watoto wengine. Kibakuli cha maji si kikubwa kuliko cha pilipili. Wanaulizwa wazazi, wanajibu wazazi, analoweshwa mtoto! Nikageuka nyuma. Mchungaji Pandapotan yuko benchi la mwisho, mikono kifuani, ananitikisia kichwa: umeona?

Nimeona. Nilikuwa tayari. Sentensi yangu nilikuwa nimeipanga tangu jana: Ndugu zangu, nilichofanya kilikuwa faraja kwa mama, hakikuwa ubatizo.

Tukaitwa. Binsar, Tiominar na mtoto kwenye nguo nyeupe, Mama Binsar, na mimi na sketi yangu ya kazini. Watu wakanong'ona, "Ndiye huyo Mbaptisti."

"Nani alimbatiza mtoto huyu?"

"Mimi. Rondang, binti wa Marpaung."

"Kwa kitu gani?"

"Maji. Ya bomba." Wakacheka kidogo. Lamria hakucheka.

"Kwa maneno gani?"

Nilifikiri nitajibu tu, kwa maneno ya kawaida ya ubatizo, kisha niingize sentensi yangu. Lakini akasubiri. Alitaka niyaseme. Nikasema: Sabam, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sauti ilinikatika kwenye "Mwana". Sijui kwa nini. Mara mia nimeyasikia maneno haya pale ziwani kwetu!

Tiominar alikuwa ananitazama mdomo. Anatazama kama kiziwi, neno kwa neno, machozi yanamtiririka, hayafuti.

Sentensi yangu ilikuwa hapa, ncha ya ulimi. Lamria akaniangalia. Alinipa nafasi — nakubali, alinipa. Nikarudi kukaa nayo.

Akatangaza mtoto amebatizwa kihalali. Ushirika ukaimba. Mchungaji Pandapotan akainuka, akatoka nje.

Nimemfanya nini mimi? Sikusema uongo hata mmoja! Niliulizwa ulifanya nini, nikasema nilichofanya. Na bado ninajiona kama mtoto aliyekamatwa jikoni!

Baada ya ibada, chakula uani. Walitaka kuniketisha mbele, kwenye mkeka wa heshima. Shangazi, pita huku, shangazi! Mzee mmoja aliyekuwa anamkwepa baba yangu barabarani ananipa kipande cha nyama kwa mikono miwili. Hasira zikanipanda upya. Sasa ndiyo mmenijua? Kwa tone la maji? Baba alizamishwa mzima mkamsusa! Nilichukua ile nyama. Sikumshukuru.

Tiominar akaja kukaa karibu yangu, mtoto kifuani ananyonya.

"Asante, wifi. Nilitaka sana kuyasikia."

Nikamwambia uliyasikia siku ile.

"Wapi! Sikusikia kitu. Nakumbuka unaniambia wewe ni Mbaptisti, nami nakutania, basi. Giza. Nimezinduka dripu iko mkononi. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia. Ndiyo maana nilikataa wasimbatize upya. Nilitaka niyasikie kutoka kwako."

Nikabaki na wali mkononi.

Kwa sababu nakumbuka. Kwa hasira zote hizi za wiki tatu sikukumbuka, sasa nakumbuka. Nilimwona Tiominar kichwa kikilala upande, amezimia. Nililiona hilo, nikajua, nikasema moyoni kwanza huyu mdogo, kisha mama. Halafu ndipo nikavuta jagi. Mama Binsar sikujua kama yuko mlangoni. Chumbani hapakuwa na mtu wa kumtuliza.

Nilikuwa namwambia nani?

Sikumaliza chakula. Nikaaga. Getini yuko Mchungaji Pandapotan na pikipiki yake. Nilijiandaa kwa makaripio, nilikuwa na majibu yangu makali ya kutosha. Kumbe ni mpole! Upole wake umeniudhi kuliko kama angenifokea. Amesema anaelewa, kusimama mbele ya watu si kazi ndogo, ulimi huganda. Mashemasi wanakutana leo alasiri Balige. Niende, niwaambie kwa kinywa changu: nilikuwa namtuliza mama. Sentensi moja tu, dada, na Jumapili ijayo unarudi kwa watoto wako.

Watoto wangu. Jonggi amewachanganya wakubwa na wadogo, nimesikia.

Amenileta mpaka hapa kwangu. Nimemwambia nachukua sweta, njiani kuna baridi. Yuko nje, hajazima hata injini. Sweta nimeshalivaa. Nimekaa kitandani na kalamu.

Sentensi moja. Jana ningeisema bila kupepesa macho, na ingekuwa kweli.

Anapiga honi.