Kabati la Matawi Halihami

Jumamosi, Nachingwea. Mvua tangu alfajiri, tope hadi mlangoni, na mimi nina hasira tangu chai ya saa nne.

"Mwanafunzi wa sayansi siku hizi maktaba yake ni simu." Kasema hivyo Mwalimu Likwata, mkuu wa taaluma wa chuo chetu cha kilimo, mbele ya walimu wote, huku akitafuna muhogo. Anataka chumba cha sayansi cha maktaba kigeuzwe ukumbi wa mikutano. Bodi inakaa Jumatano kuamua. Ikikubali, makabati yanakwenda stoo, kwenye panya na majembe mabovu.

Si kweli. Na anajua si kweli.

Simu naipenda, haya ninayaandika kwa simu. Lakini simu ya mwanafunzi ikifika kwenye majarida ya utafiti inaambiwa ilipie kwanza. Kompyuta ya maktaba, ile yenye kibodi iliyofutika herufi, inaingia moja kwa moja kwa sababu chuo kimejiunga. Likwata mwenyewe alipokuwa akisomea shahada yake ya pili, likizo zote alikuwa kwenye kile kiti cha dirishani. Tulikuwa tunampelekea chai.

Tena simu haina kabati la matawi.

Hapa kwetu mwanafunzi akirudi kutoka mafunzo ya vitendo haji mikono mitupu. Analeta tawi lililougua kutoka shamba alikokaa. Tunalikandamiza chini ya juzuu nene za kemia mpaka likauke, tunalibandika kwenye karatasi ngumu, tunaandika kijiji na kilicholila. Likwata anasema juzuu zile zimepitwa na wakati. Zimepinda kwa kazi.

Mchana akaja maktabani Zuhura, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, kalowa chapachapa. Katoka kwao Likunja, Ruangwa, na mashina ya ufuta kayafunga kwenye kanga. Maua hayatoi vitumba vya mbegu. Yamevimba tu, yamekuwa vidonge vigumu kama pilipili manga. Shamba la baba yake lote linaelekea huko, na ufuta ndiyo ada yake.

Nikamwita Likwata. Nikamwambia, haya kaka, maktaba yako iko mfukoni, itoe.

Akapiga picha. Akaungoja mtandao. Akainua simu juu, akahamia dirishani, akarudi.

"Upungufu wa maji," akasoma. "Mmea unyweshwe."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi arudie kwa sauti.

"Mwalimu," Zuhura akasema, "baba jana kavuka shamba na gamubuti. Anyweshe tena?"

Nilicheka hadi nikakaa.

Zuhura hakucheka. Alikwenda kabatini, akavuta droo ya ufuta, akapekua taratibu, akatoa tawi la Ruponda lililoletwa na mwanafunzi aliyemtangulia. Vidonge vilevile. Kimoja kilikuwa kimepasuliwa, na chini yake imeandikwa: nzi wa ufuta, funza yumo ndani. Akaomba wembe, akapasua kidonge chake. Funza mdogo mweupe akajikunja kwenye mwanga.

Akampigia baba yake palepale. Avichume vyote vilivyovimba, avichome moto, asiviache chini.

"Sawa, dada, umenipata," Likwata akaniambia, jicho bado kwa yule funza. "Lakini ukumbi tunauhitaji."

Huyo ndiye Likwata. Nampenda kama ndugu, ndiyo maana sitamwachia.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mliosoma kwetu, mnaozunguka na pikipiki za ugani Ruangwa na Nachingwea: Jumatano asubuhi njooni, kila mmoja na tawi la kata yake. Msivue viatu vya tope. Simameni kwenye korido ambamo wajumbe wa bodi watapita, na mkiulizwa mnataka nini, waonyesheni mlichoshika.

Na wewe Likwata, najua unanisoma kwa hiyo simu yako. Droo ya juu kabisa ina tawi la muhogo kutoka Mnero, jina lako limeandikwa kwa mwandiko wako wa mwaka wa kwanza. Jumatano ulitoe mwenyewe mbele ya bodi, uwaambie liende stoo.

Ukiweza kulisema hilo, nitakusaidia kubeba kabati.