Hatujambo, Ila Salu Alijifungulia Korongoni

Kimali, 14 Januari 2024

Binti yangu mpendwa Benedikta,

Kwa jina la Mungu anayetushika mkono tangu alfajiri hata alfajiri, nakusalimu. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima katika kazi yako ya mipango ya afya huko Bariadi. Simu hukatika, karatasi hukaa. Sisi sote hatujambo. Mama yako hajambo, nami sijambo.

Alhamisi wakaguzi wa afya walifika kuitazama zahanati yetu. Kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa kamati yake, niliwapokea kwa heshima. Waliponiuliza changamoto zetu, niliwajibu kama wazee walivyotufunza kumjibu mgeni: mhola duhu, salama tu. Tuliwachinjia mbuzi, wakaondoka na furaha.

Ila Salu, mke wa kaka yako Malimi, alijifungulia korongoni siku mbili kabla yao. Muuguzi wetu Kija yuko peke yake. Alikuwa amekwenda kuchanja watoto vitongojini, na mlango ulikuwa na kufuli. Mama yako akaanza kumpeleka kituo cha mbali, mvua ikawakuta njiani. Mtoto yu hai. Tumshukuru Mungu.

Baba yako,
Athanasi Masalu

*

Bariadi, 2 Februari 2024

Baba mpendwa,

Milele, amina, na shikamoo. Huku tunaendelea, mafua tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Baba, mbuzi wenu amewaponza! Taarifa ya wakaguzi iko mezani kwangu. Kwenye zahanati yenu wameandika: "Hakuna changamoto." Muuguzi wa pili tuliyekuwa tumempanga kwenu sasa anapendekezwa apelekwe kijiji kilicholalamika. Uamuzi utatolewa katika kikao cha tarehe 15 Machi. Mimi siwezi kuwasemea, watasema napendelea kwetu. Mwenyekiti ni wewe. Njoo, na usije na mhola.

Salu umemweka mwisho wa barua, baada ya mbuzi. Yeye ndiye alipaswa kuwa mstari wa kwanza.

Mwanao,
Benedikta

*

Kimali, 21 Februari 2024

Binti yangu,

Amani ya Bwana ikae nawe. Sisi hatujambo.

Maneno yako yalinichoma, nikakaa nayo siku tatu. Kisha nikawaza: nipigapo magoti, simwambii Mungu kwamba hatuna shida. Namtajia wagonjwa mmoja mmoja kwa majina yao. Kwa nini basi nimfiche mtumishi wa serikali nisilomficha Mungu?

Nimeitisha kamati, nikakiri. Mzee Kasmiri hakunihurumia: "Katekista, ng'ombe wako akivimba tumbo, daktari wa mifugo naye unamwambia mhola?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Wakaamua Salu aje kikaoni aseme mwenyewe. Hapo pana ugumu unaoujua: mkamwana hasemi habari za uzazi mbele ya baba mkwe wake. Nimemwomba Mungu anioneshe njia. Tutakuja.

Baba yako

*

Bariadi, 17 Machi 2024

Baba, shikamoo. Natumaini mlifika salama. Mlikuwa mnawahi basi, sikupata nafasi ya kukueleza yaliyotokea nyuma yako.

Mkuu wa kikao alipokuuliza, "Mzee, habari za Kimali?" nawe ukasema, "Mbaya," ukumbi ulicheka. Ukasema, "Mwenye habari ni mkamwana wangu. Nikiwa humu hatasema. Natoka." Tulipokuona dirishani umesimama juani, kofia mkononi, kicheko kilikufa.

Salu akasema: "Nilibisha hodi zahanati mpaka vidole vikauma. Nikazaa kwenye mchanga, mama mkwe kanifunika khanga iliyolowa. Wageni walipokuja waliuliza kamati. Mimi nilikuwa ndani nanyonyesha, hakuna aliyeniuliza. Siku nyingine waulizeni waliobisha hodi."

Baba, kikao kimeafiki muuguzi arudishwe kwenu. Tena fomu ya ukaguzi itabadilishwa: itauliza mlango ulifungwa siku ngapi, na akina mama watahojiwa kwanza, kamati baadaye.

Mwanao,
Benedikta

*

Kimali, 9 Juni 2024

Binti yangu Benedikta,

Tumsifu Yesu Kristo.

Muuguzi Evalina alifika mwezi uliopita. Kija akienda vitongojini, yeye hubaki. Kufuli sasa linaning'inia msumarini. Salu amempeleka mtoto chanjo kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa niruhusu nijibu salamu zako kama ipasavyo. Goti la mama yako limevimba tangu palizi ya pamba. Mimi, tangu mwaka juzi, kichwa huniuma kila alfajiri na macho huingia giza, nami barua baada ya barua nilikuandikia sijambo. Juzi nilikwenda zahanati. Evalina akanisalimu, "Shikamoo mzee, habari za leo?" Nikamwambia, "Mbaya." Akavuta kiti, akanipima. Shinikizo la damu liko juu sana. Nimeanza vidonge, na atanipima tena Jumatano. Usiogope, binti yangu. Mlango ulikuwa wazi.

Mungu wa baba zetu akubariki wewe na wote walio chini ya paa lako. Awajalie afya, na siku mtakapoumwa, awajalie ulimi wa kusema na mtu wa kuwasikia.

Baba yako,
Athanasi