Kauli Niliyotakiwa Kuithibitisha

Jumanne, 3 Februari
Nimekamua ng'ombe alfajiri, nimepiga pasi gauni la bluu, nimewahi kikao cha madiwani. Barabara, zahanati, madawati. Nikangoja maswali.

Nikasimama. Nikasema pikipiki ya doria ya tembo iliyotolewa kwa kijiji chetu iko kwa Mheshimiwa Marwa, diwani wa kata jirani, anasombea mahindi yake. Huku kwetu wanawake wanafukuza tembo kwa kupiga madebe. Nilimtaja kwa jina. Ukumbi ukachafuka.

Marwa akasimama kuhusu utaratibu. Mwenyekiti wa baraza akafungua kanuni, akasoma polepole kama anasomea watoto: diwani hatamtuhumu diwani mwenzake bila uthibitisho. Nifute kauli, au nithibitishe.

"Sifuti," nikasema.

Nimepewa wiki mbili. Nikishindwa, nafungiwa vikao. Siogopi. Nimefundisha darasa la saba miaka kumi na miwili kabla ya udiwani. Kelele za watu wazima si kitu.

Jumatano, 4 Februari
Habari ya pikipiki nilipewa na baba mdogo Nyamhanga, mwenyekiti wa kijiji chetu. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, yeye ndiye aliyenirudisha shule. Mwaka jana alinitembeza nyumba kwa nyumba kuniombea kura. Nimempigia simu. Kasema nisilegeze, mashahidi wapo.

Najua wapo.

Jumamosi, 7 Februari
Nimekwenda Machochwe, kwenye kata ya Marwa, kwa bodaboda. Vumbi hadi kwenye meno. Watu watatu wameiona pikipiki nyekundu ya Marwa imebeba magunia. Wote wana uhakika. Nikatoa karatasi wasaini. Hakuna aliyeshika kalamu. Mmoja kasema pikipiki nyekundu ziko nyingi, mwalimu.

Mwoga. Ndivyo nilivyomwona.

Jumatatu, 9 Februari
Nimekwenda kwa ofisa wanyamapori, dada mpole asiye na maneno mengi. Nikaomba hati ya makabidhiano. Nilitaka kuonyesha kwamba pikipiki ni yetu na Marwa hana karatasi yoyote. Ndiyo ingekuwa silaha yangu.

Hati inasema pikipiki moja, nyekundu, ilikabidhiwa kijijini kwetu. Ilikuja. Imepokelewa. Sahihi ya mpokeaji: Nyamhanga. Herufi ya kwanza ina mkia mrefu. Naijua, ilikuwa chini ya ripoti zangu zote za sekondari.

Hajawahi kuniambia kwamba aliipokea. Alisema haikufika.

Nimesoma mara tatu. Nimeomba nakala.  

Jumanne, 10 Februari
Kama kijiji kiliipokea, iko wapi? Nimezunguka gereji za Mugumu na namba ya pikipiki kwenye kiganja. Ya tatu ni ya fundi Sudi. Pikipiki iko pale, nyuma ya mabati. Mguu wa mbele umepinda, injini imepasuka.

"Hii ya mzee wenu, mwenyekiti," kasema Sudi. "Aliijaza magunia ya mahindi, ikamtupa mtaroni. Aliileta kabla ya Krismasi, hajarudi tena."

"Na ya Marwa?"

"Ya Marwa ni yake. Aliinunua Sirari. Naihudumia mwenyewe, kadi nimeiona."

Nimekaa kwenye tairi kuukuu. Nimemtukana mtu asiye na kosa mbele ya baraza zima. Kwa sauti kubwa. Kwa raha.

Yule wa Machochwe hakuwa mwoga.

Alhamisi, 12 Februari
Nimekwenda kwa baba mdogo. Nimemwamkia, nimepiga goti kama siku zote. Nikaweka nakala ya hati mezani.

Hakubisha. Kasema aliona aibu. Mwenyekiti mzima, kuanguka na mali ya kijiji! Watu walipoanza kuulizia pikipiki, akawatajia Marwa. Hakujua ningepeleka jambo hilo barazani.

Kisha akanyanyua kichwa. "Mashahidi wawili nimeshawapanga. Wataapa wameiona kwa Marwa."

"Baba, sitaki."

"Aliyekusomesha ni Marwa?"

Nikasema hapana, ni yeye, na sitasahau mpaka nazikwa. Lakini uongo huo siubebi. Hakunisindikiza hata mlangoni.

Nina hasira naye. Nampenda. Vyote viwili kwa pamoja, na vinachosha.

Jumapili, 15 Februari
Ipo njia rahisi. Kanuni inaniruhusu kufuta kauli na kukaa chini. Neno moja tu. Baba mdogo anapona, mimi nabaki barazani.

Lakini Marwa atabaki na doa. Watu watasema nilitishwa. Na pikipiki itaozea gereji huku tembo wanamaliza mtama.

Nimeamua. Nimelala mchana mzima vizuri.

Jumanne, 17 Februari
Ukumbi umejaa. Marwa kaja na suti. Mwenyekiti wa baraza akaniita.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nafuta kauli yangu yote," nikasema. "Siifuti kwa kukosa ushahidi. Naifuta kwa sababu ushahidi nimeupata."

Nikasoma hati, mpaka jina la mpokeaji. Nikasema pikipiki iko wapi na imefikaje huko. Nikasema huyo ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenilea. Kisha nikamgeukia Marwa, nikamwomba radhi kwa jina lake, kwa sauti ileile niliyomtuhumu nayo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akafunga kitabu cha kanuni. Kasema kauli imefutwa, sifungiwi. Pikipiki ikatengenezwe, kijiji kimhoji mwenyekiti wake.

Nje Marwa akanifuata. Kasema alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa nne ya kunimaliza. Akacheka, akanipa mkono. Nikaupokea.

Sijutii. Ningerudia kesho.

Jumapili, 22 Februari
Mvua asubuhi, kisha jua. Kanisani baba mdogo kahama benchi, kakaa nyuma kabisa, peke yake. Mkutano wa kijiji ni Alhamisi.

Ibada ilipokwisha nilimngoja mlangoni. Watu walikuwa wanatutazama. Nikapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, baba."

 Akaweka mkono kichwani pangu, ule ulioumia mtaroni, bado haunyooki.

"Marahaba," kasema. "Inuka, unachafua gauni."