Kila njia inafika

Mwenzangu, mama mkwe ameondoka na mtoto. Ameondoka naye kweli.

Aliuliza tu imani yetu ilianzishwa na nani. Nikadhani amelainika. Nikamwambia ni wauguzi wanne wa dini tofauti, kwenye chumba cha kufulia hospitalini, waliochoka kuwaombea wagonjwa kila mtu kivyake.

Akacheka. "Kumbe mwanangu kaoa dini ya madobi."

Nikamweleza kwamba kwetu hakuna anayepotea, kila njia inafika kwa Mungu.

"Basi na yangu inafika," akasema, huku anamfunga mtoto mgongoni. "Atakaa kwangu mpaka uache huo upuuzi."

Na kweli, ndivyo tunavyoamini. Mume wangu akamfungulia mlango.

Maziwa yamelowesha blauzi yote. Wewe ndiye uliyeniingiza kwenye imani hii. Niambie, mtu akikunyang'anya mtoto, tunaamini nini?