Mbu Wasioruka wa Babu Jilala

Klara, weka chai chini kwanza. Nimetoka kwa bibi Paskazia sasa hivi, kanisimulia jinsi babu Jilala alivyonusurika kumkosa.

Geita, 1951. Babu kijana, kaajiriwa na daktari mmoja kukamata mbu kila asubuhi kwenye nyumba za kijijini kwao. Daktari anawapasua kifua kutafuta minyoo ya mabusha. Minyoo hiyo ikiwa michanga hukaa kwenye misuli ya kurukia, kwa hiyo mbu mwenye nayo hubaki ukutani kama mgeni aliyeshiba.

Na babu yetu hakupenda kukimbizana. Aliyezubaa ukutani anamfunika kwa kichupa. Anayeruka anamwacha. Anamwacha, Klara!

Daktari akatangaza barazani: karibu mbu wote wa kijiji kile wana minyoo. Habari zikafika Nyahanga, kwa kina bibi, babu alikokuwa ameposa. Baba yake, mzee Ngassa, akasema, "Binti yangu haolewi kwenye mabusha."

Ikabidi babu aende mwenyewe, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba. Kijiji ni kizima. Mimi nilikuwa nakamata wasioruka tu."

"Marahaba. Kumbe si mgonjwa, ni mvivu."

"Ndiyo, baba."

"Mabusha yanapasuliwa. Uvivu tukupasue wapi?"

Akampa kichupa, akamwambia akamate mbu wa nyumba ile, wanaoruka. Babu akarukaruka mpaka adhuhuri, ukoo mzima umekaa unatazama.

Bibi anasema alimpenda pale pale, alipomrukia mbu mmoja akavunja mtungi wa mama mkwe.

Mbu mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Aliondoka zake.