Pikipiki Iliyogoma kwa Mayu Ng'washi

Jumatatu, 1 Julai 1996
Pikipiki imegoma. Tulikuwa tunatoka kununua pamba, mimi na Mahona, mpimaji wangu, mizani imefungwa nyuma. Mayu Ng'washi, mama mzee wa kijijini kwetu, alisimama mlangoni kwake, akaomba tumfikishe zahanati, miguu inamuuma. Tuko wawili na mizani, nimweke wapi? Nilimjibu vibaya. Akasema tu, haya, nendeni. Hatua hamsini mbele, pale panapopanda — injini inalia, tairi halivuti! Naongeza moto, inalia zaidi, haiendi. Jua kali, watu wanatazama. Nikasema kwa sauti: "Bibi huyu ameifunga!" Watu walicheka. Mahona hakucheka. Tumesukuma mpaka nyumbani.

Jumanne, 2 Julai
Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, hapa Migato tuko makarani watatu tunagombania wakulima walewale. Nikikaa siku mbili bila usafiri wenzangu wameshazoa. Nimeanza kuchunguza. Petroli ipo. Cheni nzima. Gia zinaingia. Injini inanguruma na pikipiki haiendi — klachi inateleza, basi. Nimelijua hilo, na bado nikafungua kiti kuangalia kama kuna kitu kimefichwa chini yake. Mimi! Mkristo, kidato cha nne! Hapakuwa na kitu. Nimeona aibu peke yangu.

Jumatano, 3 Julai
Nimemwaga oili, nikailaza ubavu juu ya magunia, nikafungua kava ya kulia. Harufu ya kuungua! Pleti zote nyeusi, zimelika. Na ni za mwaka jana tu. Nikashika mkono wa klachi: hauna mchezo hata kidogo, waya umekazwa mno. Nani aliukaza? Mimi. Juma lililopita niliona umelegea, nikazungusha nati mpaka mwisho, tena nikajisifu. Siku zote hizo klachi haikushika sawasawa, pleti zinasuguana, nami napandisha mizigo. Ni mimi. Hakuna mwingine.
Felisita, mke wangu, amerudi kisimani kanyamaza. Nimembana ndipo akasema: wanawake wamemhamisha Mayu kwenye foleni, achote wa mwisho. Wanasema hata karani Bujiku, yaani mimi, amethibitisha. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 4 Julai
Nimepanda lori la pamba hadi Bariadi. Pleti nimezipata duka la kwanza. Miaka ile ya maduka matupu tungesubiri hata miezi. Nimeziloweka kwenye oili.
Nimerudi nimekuta habari mbaya. Mzee Bundala, mkuu wa sungusungu, ameitisha mkutano Jumamosi asubuhi. Mayu akajieleze. Mwaka juzi ng'ambo ya mto bibi mmoja alijieleza, juma halikuisha akazikwa, na aliyemkata hakujulikana. Sasa wanazungumzia macho yake, kwamba ni mekundu kama ya mchawi. Yasiwe mekundu vipi? Anapikia kinyesi cha ng'ombe, moshi mtupu, miaka yote hiyo, kuni ziko wapi? Ee Mungu, mimi nilikuwa natania. Hapana. Sikuwa natania, nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 5 Julai
Nimefunga. Pleti ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, mpaka zikaisha. Springi, kava. Gasketi nimeikata kwenye boksi la sabuni. Waya nimeuachia mchezo, unene wa sarafu. Imewaka. Imevuta! Nimepanda pale pale mara mbili.
Nikampelekea Mahona pleti zilizoungua. Nikamwambia nilikaza waya mwenyewe. Akazigeuzageuza. Sawa, akasema, zimeungua, na wewe ndiye uliyekaza. Lakini mbona ziishie pale kwake, umetoka tu kumnyima? Tena leo imepona. Ameona mkutano umekaribia, ameachia.
Nimeitengeneza, na kuitengeneza kumekuwa ushahidi!
Jioni nikaenda kwa Mayu. Nikamwambia yote. Nikamsihi nimpeleke Mwamanyili kwa binti yake Jenifer, kabla ya mkutano. Aliendelea kuchambua kunde. Akasema akikimbia amekubali. Halafu akasema, bila ukali: "Ng'wanawane, mwanangu, neno lile lilitoka kwako." Nililia mbele yake, mtu mzima.

Jumamosi, 6 Julai
"Mwangaluka!" Mayu ananiamkia, yuko uani, khanga safi, hana mzigo wowote. Mwamanyili hataki. Anataka nimpeleke mkutanoni, yeye nyuma yangu, na nisimame mimi wa kwanza mbele ya Bundala niseme nilivyokaza waya.
Pikipiki ni ya kampuni. Wakisikia karani aliiunguza kwa mikono yake, kazi sina. Felisita anaogopa jingine: watasema Mayu amenipata na mimi, tuhesabiwe pamoja. Amenishika shati. Amesema niende peke yangu, nikaseme bila kumbeba. Nimemwambia nitafikiri, na sifikirii kitu.
Mahona amepita na wenzake kuelekea mkutanoni. Wameangalia pikipiki, wamemwangalia Mayu. Hawakusalimia.
Nimeiwasha. Nimerudi ndani kuchukua zile pleti nyeusi, kumbe nimekaa naandika. Kupitia dirishani namwona ameshapanda, kakaa upande, miguu inaning'inia. Hajawahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Ananiita. Nilidhani ataniuliza kama naogopa. Anauliza ashike wapi.